Tumbo Lenye Misuli

Kijana anayetaka misuli ya tumbo ionekane hulala chali na kujiinua mara mia. Misuli hiyo anayo tayari, imefunikwa na mafuta tu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 24: waliofanya mazoezi ya tumbo kwa wiki 6 waliongeza ustahimilivu, lakini mafuta ya tumboni hayakupungua. Mwili haumwulizi mtu uanze kuchota mafuta wapi. Anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda vilima vya Ngara, kifua kimeinama, tumbo limekaza kila hatua, anaunguza mengi zaidi.

Mtasema, basi tushinde njaa? Hapana! Anayejinyima hupoteza na misuli, na mwanamke akikonda kupita kiasi hedhi yaweza kukatika. Maharage, dagaa na mayai vibaki sahanini; zipungue soda, pombe na maandazi. Kudumisha ndiko kugumu: kazi za shamba zikiisha na sahani ikabaki ileile, mafuta hurudi polepole. Mazoezi yanahitajika hasa baada ya mavuno.