Nyavu Zilizojaa

Tafakari ya juma: Luka 5:1–11

Petro hakumfuata Yesu siku aliyokosa samaki. Ndugu zangu wa Kyavinyonge, someni hapo polepole, maana kazi hii mnaijua kuliko wahubiri wengi wanaoieleza. Usiku kucha hawakupata kitu. Asubuhi nyavu zikajaa hadi zikaanza kukatika, na mitumbwi miwili nusura izame kwa uzito. Hapo ndipo walipoacha vyote.

Kwetu, siku kama hiyo, kabla mvuvi hajakanyaga mchanga akina mama wachuuzi wameshaingia majini hadi magotini, beseni mkononi, kila mmoja akimwita kwa sauti ya juu kuliko mwenzake. Mwenye mizani amekaa tayari na daftari lake limejaa alama za vidole vyenye magamba. Deni la mafuta ya mota linalipwa pale pale, la wavu linapunguzwa, na tilapia wanapakiwa kuanza safari ya kupanda milima kwenda Butembo. Nani anaacha kazi siku hiyo? Mtu huacha kazi ya ziwa pale ziwa linapomnyima, au wenye bunduki wanapomnyang'anya mota. Ndipo wengine hukumbuka kwamba wana wito. Simcheki mtu, Mungu humpokea hata aliyefilisika. Lakini Luka anasimulia habari nyingine.

Juma hili, kwa habari hiyo ya nyavu zilizojaa, nimemfikiria mtu mmoja wa Bungoma, Kenya, ambaye si wa kanisa letu. Joseph Sitati alizaliwa mwaka 1952, akasomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia kwenye biashara ya mafuta katika kampuni ya Total, akapanda ngazi hadi vyeo vya uongozi. Mwaka 1986 akabatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni. Nairobi wakati ule walikuwa kikundi kidogo, serikali haijawatambua. Kibali kilikuja mwaka 1991. Mwaka huo huo yeye, mke wake Gladys na watoto wao walisafiri hadi Johannesburg ili ndoa na familia yao zibarikiwe hekaluni, kwa sababu karibu hapakuwa na hekalu lao. La Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025 tu. Kwetu Kongo, enzi za Zaire, kanisa hilo lilitambuliwa mwaka 1986, na hekalu la Kinshasa likafunguliwa Aprili 2019.

Mafundisho yao mengi siyakubali, na waumini wangu wanajua kwa nini; leo sitayarudia. Tena kuna jambo ambalo haifai kulipita kimya. Hadi Juni 1978 kanisa hilo lilimnyima mtu mweusi ukuhani. Sitati aliingia miaka minane tu baada ya mlango huo kufunguliwa. Yuko aliyeingia kabla: Helvécio Martins wa Brazili, naye mtu wa mafuta, ofisa wa fedha katika kampuni ya Petrobras. Alibatizwa mwaka 1972, akakaa miaka sita kwenye kanisa ambalo halikumruhusu hata kubariki meza ya Bwana. Mwaka 1990 aliwekwa miongoni mwa viongozi wakuu, mweusi wa kwanza kufika hapo. Hakika mimi nisingevumilia. Ningeondoka mwezi wa kwanza, na sijui kama huo ungekuwa ushujaa au kiburi.

Turudi kwa Sitati. Alipewa tawi aliongoze, na mwaka 2001 kilipoundwa kigingi cha kwanza cha Nairobi, yaani muungano wa makusanyiko kadhaa, akawa rais wake. Kwa kazi hizo Wamormoni hawalipani. Mtu anashinda ofisini, jioni anaingia kwenye nyumba ya mgonjwa au ya wanandoa waliogombana, Jumapili anasimamia ibada, na mshahara wake ni ule ule wa ofisini, ambao nao anautolea fungu la kumi. Baadaye akatumwa Calabar, Nigeria, kuongoza misheni. Mwaka 2009 akaitwa katika Sabini, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa lao duniani. Ngazi hiyo hupewa posho ya kujikimu. Jina la Sabini wamelitoa kwenye Luka 10, pale Bwana anapowatuma watu wake wawili wawili na kuwaambia wasichukue mfuko wa fedha. Mtu wa biashara bila mfuko! Wafanyabiashara wa Butembo wanaonisoma watacheka hapo, nami nawaruhusu wacheke.

Kwao cheo hakiombwi. Mtu anaitwa, anasimamishwa mbele ya kusanyiko, watu wananyosha mikono kumkubali, anaanza kazi. Siku ikifika anaambiwa asante, anarudi kukaa kwenye benchi pamoja na mke wake, na aliyekuwa chini yake juzi sasa ndiye anayemwongoza. Mwaka 2022, akiwa na miaka 70, Sitati naye alipumzishwa kwa heshima. Hakuanzisha kanisa lake Bungoma.

Hili ndilo linalonigusa, kwa sababu mkoa wetu una wafanyabiashara wakarimu sana. Watu waliotoka kijijini na gunia la kahawa wakafika hadi Dubai na Guangzhou wamejenga makanisa mengi: saruji yao, mabati yao, vyombo vya muziki vyao. Mungu awazidishie. Shida huanza mabati yanapokuwa hati ya kumiliki. Anayetoa anapewa kiti cha mbele, kisha neno la mwisho, kisha mkewe anaongoza akina mama bila kuulizwa mtu, na siku akipingwa anahama na vyombo vyake vya muziki na nusu ya kwaya, na baada ya mwezi mmoja kuna kibao kipya barabarani chenye picha yake. Simoni wa Samaria aliwaletea mitume fedha mkononi akakemewa. Leo angepokelewa, angepewa na maikrofoni.

Tusidhani lakini kwamba Injili inachukia biashara. Marko anasema Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na vibarua. Kazi iliendelea, samaki waliuzwa, vibarua walilipwa. Lidia aliuza zambarau na nyumba yake ikawa makao ya Paulo, wala hatusikii kwamba alidai kuhubiri zamu ya Paulo. Kumpima mfanyabiashara aliyeitwa si kuhesabu alichotoa siku ya kuingia. Mwangalieni siku anapoambiwa akabidhi funguo, kama anazitoa mfukoni au anakwenda kumtafuta mwanasheria.

Jumapili ijayo baada ya ibada, kamati ya ujenzi itasoma hesabu zake mbele ya wote, daftari likiwa wazi mezani, na viti vyake viwili vitakuwa havina mtu. Wale ambao wamekuwa wakinipigia simu usiku kuhusu viti hivyo, nawaomba waache kunipigia.