Tonge la Mmoabi

Somo: Ruthu 2:14

Wapendwa, mliozoea karamu za makanisa ya hapa Georgia mnalijua lile bakuli linalotoka ovenini likitokota, watu wakalizunguka na biskuti za chumvi kabla hata sala ya chakula haijaisha. Mapishi yake mepesi: kikombe cha vitunguu maji vilivyokatwakatwa, kikombe cha jibini iliyokwaruzwa, kikombe cha mayonezi. Changanya, nyunyiza pilipili manga, oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi kama nusu saa, mpaka juu pageuke rangi ya dhahabu. Chumvi usiongeze, jibini inayo. Kila mtu anachovya humo humo. (Biskuti ukishaiuma, tafadhali, isirudi bakulini.)

Wenyeji hupenda kutumia kitunguu cha Vidalia, kitamu, kisichowasha, kwa sababu udongo wa huko una salfa kidogo. Georgia inakionea fahari: tangu 1986 sheria ya jimbo inataka jina hilo lipewe tu vitunguu vilivyolimwa katika eneo maalumu la kaunti 20. Lakini ni laini na huchubuka upesi, kwa hiyo huvunwa kwa mikono. Kuanzia Aprili wavunaji huinama mashambani na mikasi yao, wakikata mizizi na majani. Wengi wametoka Mexico kwa viza za msimu. Mavuno yakiisha, nao ruhusa yao imekwisha.

Sasa mtazameni Ruthu. Mjane, Mmoabi, anaokota masuke ya shayiri nyuma ya wavunaji wa Bethlehemu. Hakuwa akiiba. Torati ilikwisha kuagiza kwamba masazo ya shamba aachiwe maskini na mgeni. Boazi, mwenye shamba, angeweza kuishia hapo, asilaumiwe na mtu. Ulipofika wakati wa kula akamwita asogee, aketi na wavunaji, achovye tonge lake katika siki yao. Akampa na nafaka za kukaanga kwa mkono wake mwenyewe. Ruthu akala akashiba, akabakiza za kumpelekea mkwewe Naomi.

Mimi huwa nasimama kwenye ile siki. Kumwachia mgeni masuke nyuma yako ni jambo moja. Mnaweza kumaliza msimu mzima bila kuonana uso kwa uso. Kuchovya naye bakuli moja kunataka umsogelee, umpishe mkono, ujue anaitwa nani.

Na sisi katika masazo tu hodari. Nguo tunagawa, maharagwe ya makopo tunagawa, tena kwa moyo. Mlioletwa hapa kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma mlipokea mizigo kama hiyo, mkashukuru. Lakini ni wangapi kati yenu walikaa mwaka mzima katika nchi hii bila kualikwa mezani kwa mtu hata mara moja? Nimesikia hesabu zenu, na ninaogopa kwamba wageni wanaokuja sasa watatoa hesabu hiyo hiyo juu yetu.

Jumapili hii meza zitapangwa ukumbini baada ya ibada. Mwenye oveni aoke bakuli moja, asiye nayo alete biskuti. Na kila nyumba ije na mtu mmoja ambaye haijawahi kula naye.