Albamu ya Mungu Haina Pengo



Vijana wenzangu, Novemba inabisha hodi. Tarehe 1 tunaadhimisha Watakatifu Wote, tarehe 2 tunawaombea Marehemu Wote. Mwaka huu naomba tuziingie siku hizo mbili kwa mlango ambao labda hukuutarajia: kadi za wachezaji. Ndiyo, zile picha ndogo ambazo watu hukusanya na kupanga kwenye albamu. Usifunge ukurasa kwanza, kanisani tutafika tu.

Tuanzie Marekani, ambako mtindo huu una mizizi mirefu. Wenzetu wale wanapenda mchezo wa besiboli, na kadi za wachezaji wake zimekusanywa kwa zaidi ya miaka 100. Kampuni hutoa seti: mbele picha ya mchezaji, nyuma historia yake na takwimu zake. Lakini hakuna seti inayomtosha kila mtu. Mwaka 1962 Maury Wills alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Ukiitafuta kadi yake katika seti ya Topps ya mwaka huo, haipo. Kampuni hiyo ilikuja kutoa kadi yake mwaka 1967. Halafu mwaka 1975, Topps walipotaka kuwakumbuka wachezaji bora wa miaka ya nyuma, ikabidi watengeneze wenyewe picha ya kadi ya 1962 ambayo haikuwahi kuchapwa! Leo kuna mashabiki wanaofanya kazi hiyo hiyo majumbani mwao. Wanatafuta waliosahaulika katika seti za zamani, wanawatengenezea kadi kwa mtindo wa mwaka ule ule, kisha wanaziba pengo.

Sasa turudi kwetu. Kampuni ya Panini imekuwa ikitoa albamu ya Kombe la Dunia tangu mwaka 1970. Wanaoingia ni wa timu za Kombe la Dunia, na Taifa Stars yetu haijawahi kufika huko. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania anaweza kukusanya sura za Wabrazili na Waitaliano mpaka albamu ijae, asimkute hata mtu mmoja wa kwao.

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Buseresere, vijana wa parokia waliamua kuziba pengo letu. Walichagua kikosi cha 1980, kile kilichoipeleka Tanzania kwa mara ya kwanza kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, kule Nigeria. Wakanunua karatasi za manila, wakakata vipande vya sentimita 6 kwa 9. Wenye mkono wa kuchora wakachora, wengine wakaenda steshenari kuchapa picha walizozipata kwenye simu. Mzee mmoja wa jumuiya, aliyekuwa kijana enzi zile na redio yake ya mkulima, akageuzwa kuwa maktaba.

"Mzee, goli la Ndola alifunga nani?"

"Peter Tino, wajukuu zangu. Tuko 1979, Zambia wako kwao, tukatoka moja kwa moja. Hapo msikosee."

Basi Peter Tino akapata kadi. Jella Mtagwa akapata kadi, yule ambaye sura yake iliwahi kuwekwa kwenye stempu ya posta. Leodegar Tenga akapata kadi, beki aliyekuja kuwa rais wa TFF. Makipa Juma Pondamali na Athumani Mambosasa wakapata kadi. Matokeo ya Lagos nayo yakaandikwa bila kuona haya: tulifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Tulipata pointi moja tu, tukarudi nyumbani. Na kufika tena kwenye fainali zile ilituchukua miaka 39, mpaka 2019.

Waliweka sheria moja ambayo niliipenda sana: usichokijua, usikiandike. Kijana mmoja alitaka kumwongezea mchezaji magoli "ili kadi ipendeze". Wenzake wakamkatalia. Kadi yenye nafasi wazi lakini ya kweli ni bora kuliko kadi iliyojaa takwimu za kubuni.

Hapo ndipo nilipowauliza swali ambalo nakuuliza na wewe. Kabla hamjatengeneza kadi hii, je, Peter Tino hakuwa mchezaji? Wakacheka. "Frateri, alikuwa! Goli si alifunga?" Sasa kadi imembadilisha nini yeye? Hakuna. Kadi imeibadilisha albamu. Pengo halikuwa kwa Peter Tino, pengo lilikuwa kwetu sisi tusiomjua.

Shikilia hapo, kwa sababu ndivyo Kanisa linavyoelewa utakatifu. Papa anapomtangaza mtu kuwa mtakatifu, hamfanyi kuwa mtakatifu siku hiyo. Neema ya Mungu ilishafanya kazi hiyo zamani, pengine kwenye nyumba ya udongo ambako hapakuwa na kamera. Kanisa linatambua na kutangaza. Linaziba pengo katika albamu yetu, ili sisi tupate wa kumwiga na wa kutuombea.

Tazama jirani zetu wa Uganda. Karoli Lwanga na wenzake, jumla 22, waliuawa kati ya 1885 na 1887, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Seti ikaonekana imekamilika. Lakini kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, huko Paimol, makatekista wawili vijana, Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliuawa kwa ajili ya imani mwaka 1918. Jildo alikuwa bado mtoto kabisa. Yohane Paulo II aliwatangaza wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Hesabu mwenyewe: miaka 84. Unadhani miaka yote hiyo Mungu alikuwa hawajui?

Na Kanisa nalo lina sheria kama ile ya vijana wetu. Tangu karne ya 17, enzi za Papa Urbano VIII, ilikatazwa kumchora mtu na duara la mwanga kichwani au kumheshimu hadharani kama mtakatifu kabla Roma haijasema. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere tunamwita Mtumishi wa Mungu na tunamwombea mchakato wake uendelee, lakini taji la mwanga hatumchorei. Hiyo si dharau. Upendo wa kweli hauhitaji kutia chumvi.

Mniruhusu dakika moja ya falsafa, maana miaka ile darasani isiende bure. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha jambo ambalo ukilitafuna taratibu litakushibisha. Sisi binadamu tunajua kitu kwa sababu kipo. Mti upo kwanza, ndipo mimi nikaujua. Kwa Mungu ni kinyume: vitu vipo kwa sababu Mungu anavijua na kuvipenda. Maarifa yetu yanafuata nyuma, maarifa yake yanatangulia. Kama ni hivyo, haiwezekani kuwepo mtu ambaye Mungu hamjui. Kule kupumua kwako tu ni ushahidi kwamba unajulikana. Sisi tunaweza kumsahau mtu naye akaendelea kuwepo. Mungu akikusahau hata sekunde moja, huna pa kusimama. Na bado umesimama.

Najua kuna atakayesema: Frateri, haya ni maneno matamu ya seminarini. Basi nikueleze kilichotokea siku ya pili ya kazi ile ya kadi.

Binti mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa na kipande cha manila tupu mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Frateri, kadi ni za wachezaji wa taifa tu? Kaka yangu naye anaruhusiwa?"

Wewe uliyekulia ukanda wetu huu wa dhahabu unaijua hadithi hii kabla sijaimaliza. Kaka yake aliondoka nyumbani kwenda machimbo. Kule kwenye maduara watu huitana kwa majina ya kambini. Unaweza kufanya kazi na mtu mwaka mzima, ukala naye sahani moja, usijue jina alilopewa na mama yake. Duara likatitia. Waliokuwa juu walijua jina lake la utani tu. Habari ilitembea kutoka kambi hadi kambi kwa muda mrefu mpaka ikafika nyumbani, na ilipofika, mwili ulikwisha kuzikwa huko huko na watu wasiomjua. Hakuna picha yake yoyote nyumbani. Simu alikuwa nayo mfukoni.

Ndugu zangu, tusilichukulie hili kama jambo la familia moja. Mwaka 2015, Nyangalata kule Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Nchi nzima ilishangaa, na ilikuwa haki kushangaa. Lakini sisi tunaoishi huku tunajua kwamba kwa kila kundi linalotangazwa redioni kuna mmoja mmoja ambaye hakutangazwa popote. Hao ndio wasio na kadi.

Nilimjibu binti yule kwamba anaruhusiwa, tena yake ndiyo ianze. Kisha tukajiuliza: nyuma ya kadi tutaandika nini, na kanuni ni kutokubuni? Hapo Kanisa lilitupa zawadi ambayo mara nyingi hatuioni. Kila parokia ina daftari la ubatizo. Tulikwenda ofisini, katekista akafungua kitabu kikubwa chenye kurasa zilizopauka, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Akasimama. Jina lake lilikuwepo. Jina la ubatizo na la ukoo. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, wazazi, msimamizi. Pembeni, kwa wino mwingine, mtu alikuwa ameongeza tarehe ya kipaimara.

Binti yule hakulia. Alisoma mstari ule mara mbili, akaunakili kwa mwandiko wake mzuri nyuma ya kadi. Mbele, mahali pa picha, hakuchora sura, kwa sababu alisema hataki kumkosea. Aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa.

Tafakari kitu hicho. Machimboni hakuwa na jina. Redioni hakuwa na jina. Ila miaka mingi kabla, maji yalipomwagwa kichwani mwake, Kanisa liliuliza kwanza: mtoto huyu mmempa jina gani? Na likaliandika. Yesu aliwaambia wafuasi wake wasifurahi kwa sababu pepo wanawatii, bali kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni (Lk 10,20). Nabii Isaya anatuambia kwamba Mungu ametuchora katika viganja vyake (Isa 49,16). Na mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina (Yn 10,3). Jina lenyewe.

Ndiyo maana Kanisa limeziweka siku mbili hizi pamoja. Kalenda yetu ina nafasi 365 au 366, na watakatifu hawaenei humo. Yohane katika Ufunuo anasikia kwanza hesabu, watu 144,000, halafu akiinua macho anaona umati ambao hakuna awezaye kuuhesabu (Ufu 7). Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya umati huo, wale walioshinda bila kuwa na picha kwenye ukuta wa sakristia. Tarehe 2 tunawaombea wanaoendelea kutakaswa, ili nao wafike. Hatumtangazi kaka wa binti yule kuwa mtakatifu, hatuna mamlaka hayo. Tunamtaja kwa jina mbele ya altare na tunamwacha mikononi mwa anayemjua kuliko sisi.

Basi nakuachia kazi tatu kwa wiki hii. Mosi, tafuta mmoja asiye na kadi: bibi aliyekufundisha Ishara ya Msalaba, katekista wa kigango aliyetembea kwa miguu miaka 30, rafiki aliyefukiwa machimboni au aliyezama ziwani. Kata karatasi, andika jina lake kamili na yale tu unayoyajua kwa hakika. Pili, lipeleke jina hilo kwenye Misa ya tarehe 2. Usiandike "marehemu wote wa ukoo wetu" ukamaliza. Andika jina. Tatu, kama uko machimboni unasoma haya kwa simu, kaka yangu, dada yangu, mwambie mwenzako mmoja jina lako la ubatizo na jina la parokia yako. Nawe muulize la kwake. Inachukua dakika moja, na inaweza kumwokoa mama fulani na miaka ya kutojua.

Tuombe. Ee Mungu, wewe unayewajua tusiowajua na kuwakumbuka tuliowasahau, wapokee ndugu zetu waliolala bila msalaba wenye jina. Utufundishe kuitana kwa majina yetu tungali hai, na siku ile utuite na sisi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.