Anayejua Kila Kipande

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwahesabia wanafalsafa makosa 20 katika Tahafut al-Falasifa. Matatu aliyaita ukafiri: kudai ulimwengu hauna mwanzo, kudai Mungu anayajua mambo kwa ujumla tu bila kujua moja moja, na kukana ufufuo wa miili. Msikitini tulisomeshwa kuwa ni makosa matatu mbalimbali. Mimi kazi yangu ni kutunza seva, na siku hizi la pili na la tatu nayaona kosa moja.

Kazini tulikuwa na faili la mashine pepe, lililojazwa data kidogo kidogo, huku na kule, hadi amri ya filefrag ikalihesabia vipande zaidi ya milioni moja. Vipande hivyo vinakuwa faili kwa sababu ipo orodha: hiki kiko hapa, kina urefu huu. Katika XFS, mfumo wetu wa faili, kila mstari wa orodha unachukua baiti 16. Si kitu, utasema. Lakini katika Linux za kabla ya toleo 4.15 la Januari 2018, orodha nzima ilipakiwa kwenye kumbukumbu, ikakatwa kurasa za KB 4, na juu yake ikawekwa faharasa iliyolazimika kukaa mahali pamoja bila kukatika. Kwa vipande milioni, faharasa hiyo ni kama KB 64, yaani kurasa 16 zinazofuatana.

Basi seva ikaganda. Kumbukumbu huru ilikuwepo tele. Nikaangalia /proc/buddyinfo, inayoonyesha kumbukumbu huru kwa ukubwa wa mafungu yake: safu za kushoto, za ukurasa mmoja mmoja na jozi, zina maelfu, za kulia sifuri, sifuri, sifuri. Logi inarudia kulalamika kuwa huenda ugawaji wa kumbukumbu umekwama. Data haikupotea hata baiti moja. Ilikosekana nafasi ya kuweka habari za mahali ilipo.

Wanaokana ufufuo wana swali la siku nyingi: mtu kaliwa na samaki, samaki kaliwa na watu, mwili huo utakusanywaje? Wanadhani uzito uko kwenye kukusanya. Diski inasoma kipande popote kilipo, ukiitajia mahali. Anayejua kwa ujumla tu ni kama anayeona jina la faili na ukubwa wake: anaapa kwamba lipo, kulifungua hawezi. Ghazali asingeweza kuuacha ule ujuzi wa moja moja halafu abaki na ufufuo. (Ujuzi wa Mungu hauhitaji kurasa 16 wala moja, mfano wangu unakomea hapo.)

Tuliizima mashine pepe, tukaendesha xfs_fsr. Programu hiyo inanakili data kwenye eneo jipya lililo wazi, kisha inabadilisha orodha. Jina lilelile, namba ya inodi ileile, ila data yote imehamia mahali pengine. Ghazali naye alijibu kwamba nafsi yaweza kurudishiwa mwili wa mada ileile au nyingine, na mtu akawa yuleyule.

Mwenzangu wa zamu, Mlutheri, hakukubali.

"Hiyo ni nakala tu, Shehe."

Nikamuuliza mwili wake wa leo umebakiza nini cha kile kichanga kilichobatizwa. Akacheka, akaiwasha mashine, akasema kichanga hicho hakikuwahi kuzimwa kwanza.