Kuhamia Mjini Wakati wa Dhiki

Mtu akihama peke yake huweka rehani nafsi yake. Akihama na ahali yake huweka rehani nafsi za wengine, na baadhi yao ni watoto wasiojua kwamba wamewekwa. Tofauti hii ndiyo inayoligeuza swali la kuhama kuwa swali la maadili, si la nauli na mizigo peke yake. Nalo huwa zito maradufu wakati ambapo mji unaoendewa wenyewe una dhiki: kazi haba, chakula ghali, chumba adimu. Je, ni halali kwa mzazi kuitoa jamaa yake mahali penye shamba, japo dogo, akaipeleka mahali ambapo kila kitu, hata maji na mkaa, hununuliwa kwa fedha ambazo hajui atazipata wapi?

Jawabu la wengi ni fupi. Husema kwamba mwenye busara hutangulia. Hupata kazi, hupata chumba, kisha huwaita mke na watoto. Anayekwenda na jamaa yake yote wakati wa njaa amejitwika mzigo asioweza kuubeba, na hatimaye atawatwika wenyeji wake. Jawabu hili lina sura ya hekima, wala sikatai kwamba liliwafaa watu wengi kwa miaka mingi. Lakini limesimama juu ya neno moja lisilochunguzwa, nalo ni neno mzigo. Nataka tulichunguze, na sijui mahali pafaapo zaidi kwa kazi hiyo kuliko Kariakoo ya Dar es Salaam, mtaa ambao hata jina lake limetokana na watu waliochukua mizigo.

Habari ya jina hilo inajulikana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na kikosi cha wapagazi walichokiita Carrier Corps. Wapagazi walipiga kambi nyuma ya mji, na ndimi za wenyeji zikalifinyanga jina la Kiingereza mpaka likawa Kariakoo. Mji ulipogawanywa kwa kanda katika miaka ya 1920, upande huo uliwekwa kuwa makazi ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuutenga na Uhindini. Mpagazi alithaminiwa kwa mabega yake. Kama alikuwa na mke na watoto, hilo lilikuwa jambo lake na kijiji chake. Fikira hiyo haikuvunjwa pamoja na kambi. Kwa muda mrefu wa ukoloni mshahara wa mjini ulikuwa mshahara wa mseja: ulimtosha mtu mmoja kula na kulala, kwa kudhani kwamba ahali yake inalishwa na shamba kule bara au pwani. Asiyekuwa na kazi aliitwa mhuni, na katika miaka ya 1940 na 1950 alikamatwa na kurudishwa kwao. Tazama basi: ule ushauri wa kutangulia peke yako, ambao tunauita hekima ya wazee, kwa sehemu kubwa ni hesabu ya mwajiri. Mwajiri alitaka mabega, naye hakutaka kulipia vinywa vinavyoyategemea.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mshahara wa chini ulipandishwa mwaka 1962 kwa nia ya kwamba mfanyakazi aweze kuishi na jamaa yake, na kwa miaka kadhaa watu waliamini kwamba aliyepata kazi amepata vyote. Kisha ikaja miaka ambayo kila mtu aliyekuwa mtu mzima wakati huo huitaja kwa kushusha sauti. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Viwanda vilikosa vipuri, maduka yakakosa sabuni, sukari, nguo na mafuta ya kula. Foleni ikawa shule ya subira kwa watu wote. Soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa fahari ya mji kwa macho, lakini mshahara wa karani ulioingia humo asubuhi haukutoka na kitu cha kujaza kikapu.

Kwa hesabu ya wenye busara, hapo ndipo watu walipopaswa kuukimbia mji. Hawakuukimbia. Sensa ya 1978 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu 843,090, na sensa ya 1988 ikahesabu 1,360,850. Wengi walizaliwa humo humo, nakubali. Lakini wengi walikuja, nao hawakuja wanaume peke yao kama zamani. Wanawake walikuja kwa waume zao, na wengine walikuja kwa miguu yao wenyewe bila ya kuitwa na mume yeyote. Je, watu hawa wote walikuwa wapumbavu? Mimi sipendi kuwahukumu watu laki kadhaa kuwa wapumbavu kabla ya kuuliza walichokiona ambacho sisi hatukukiona.

Walichokiona ni hiki. Mshahara ulipokuwa na nguvu, baba alikuwa mlishaji na ahali yake ilikuwa inalishwa. Mshahara ulipodhoofika mpaka ukawa wa juma moja kati ya manne, mambo yaligeuka juu chini. Mke alikaanga maandazi na vitumbua kabla ya alfajiri, binti akashona, shangazi akauza mkaa kwa mafungu, kuku wakafugwa uani, na shamba la mihogo likalimwa nje ya mji. Aili Mari Tripp, mtaalamu wa siasa aliyefanya uchunguzi wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 na kutoa kitabu chake mwaka 1997, alionyesha kwamba mapato ya nyumba nyingi yalitoka katika shughuli hizi ndogo kuliko katika mishahara. Maana yake ni nini kwa swali letu? Mtu aliyebaki peke yake mjini na mshahara wake ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi. Yule aliyeleta ahali yake hakujiongezea mzigo. Aliwaleta wachukuzi wenzake. Wakati wa neema jamaa hulishwa na mshahara, na wakati wa dhiki mwenye mshahara hulishwa na jamaa.

Serikali haikuliona jambo hilo hivyo, na si haki kuipitia haraka. Mwaka 1983, mwaka ule ule wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na watu walioonekana kuwa hawana kazi walikamatwa mitaani ili wapelekwe vijijini na mashambani. Waliopanga jambo hilo hawakuwa watu wabaya. Nchi ilikuwa na chakula kidogo na ardhi nyingi; walidai kwamba anayekula bila ya kulima anakula jasho la mwenzake. Hoja hiyo ina uadilifu ndani yake, na Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewafundisha watu kuchukia kupe. Kosa lao lilikuwa katika kutambua kazi. Mtu mwenye kitambulisho cha ofisi ambayo haikuwa hata na karatasi za kuandikia alihesabiwa kuwa mfanyakazi, na mama aliyeilisha nyumba nzima kwa karai la mafuta ya moto alikuwa katika hatari ya kuitwa mzururaji. Waliopelekwa wengi walirudi. Baadaye wafanyabiashara wadogo walianza kupewa leseni, nazo zikaitwa leseni za nguvukazi. Jina lililowafukuza ndilo lililowaruhusu, na sijui kama aliyelichagua aliona mzaha uliomo.

Hata hivyo hoja yangu ina kilima chake, nacho ni watoto na wenyeji.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ilitungwa na watu wenye mashamba. Kijijini mgeni aliyepewa jembe ameondokana na ugeni. Ameongeza mikono, na chakula kinamtazamia. Lakini nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na kila chumba kina mpangaji wake. Ukimpokea ndugu yako na mkewe na watoto wanne katika chumba kimoja kati ya hivyo, siku ya tatu utampa jembe gani? Na utampa udongo upi alime? Katika miaka ile jawabu lilipatikana, kwa taabu, na aghalabu lilipatikana jikoni kati ya wanawake wawili. Mke wa mwenyeji na mke wa mgeni waligawana moto, mmoja akikaanga na mwingine akipeleka kituoni. Waliingia pamoja katika upatu, kila mmoja akipokea fungu kwa zamu. Palipokosekana maelewano hayo ugeni uliharibika ukawa ugomvi, na ndugu waliopendana kwa barua wakachukiana kwa kulala pamoja. Atakayehamisha jamaa yake basi asijidanganye kwamba undugu ni hazina isiyokwisha. Undugu hulipwa kwa kazi kila siku, na anayeulipa mara nyingi si yeye aliyeufunga.

Habari ya watoto ni ngumu zaidi. Mtoto aliyetoka shuleni akapita mtaani na sinia la karanga mpaka magharibi, mimi simwonei haya wala simwonei haya mzazi wake. Kijijini angechunga mbuzi. Lakini wako waliobeba sinia saa za darasa, na hii ilikuwa miaka ambayo nchi, tangu 1977, ilikuwa imejitwisha kazi ya kumfikishia kila mtoto elimu ya msingi. Mtoto huyo alilisha nyumba kwa kitu ambacho hakikuwa cha nyumba kukitumia. Mtu mzima akikubali kubeba, amekubali. Mtoto hawezi kukubali, kwa kuwa hajui bei ya anachokitoa. Kama kuna jambo linaloweza kuufanya uhamisho kuwa haramu mbele ya dhamiri, naliona hapa, wala silioni katika umaskini wa mji.

Sasa, ikiwa ni kweli kwamba ahali ndiyo iliyomlisha mwenye mshahara, linafuata jambo ambalo waume wengi wa miaka ile hawakulifuata. Mzigo hauulizwi uende wapi, bali mchukuzi huulizwa. Mke aliyeletwa mjini kwa neno moja la mume, kama sanduku, kisha akaibeba nyumba kwa miaka mitano, alikuwa amepata haki ya kusema: tukae, turudi, au tujaribu Morogoro. Wengi hawakupewa haki hiyo, wakaitafuta kwa njia ya pembeni; fedha za upatu zilifichwa ndani ya khanga, na mume hakuambiwa idadi yake. Watu wa adabu huita kitendo hicho udanganyifu. Mimi nasitasita kukiita hivyo. Siri ndani ya nyumba ni ugonjwa, lakini ugonjwa huu ulianza siku ile safari ilipoamuliwa na mtu mmoja, na fedha iliyofichwa ilikuwa dalili tu. Mume aliyejua kuuliza, “Mama Fulani, unaonaje?” kabla ya kufunga mizigo, hakuhitaji kupekua khanga baadaye.

Mambo haya hayakupita pamoja na miaka ya 1980. Milango ya bidhaa ilifunguliwa kuanzia mwaka 1984, Kariakoo ikafurika maduka, na vijana waliotoka Lindi na Mtwara na kwingineko wakazijaza njia zake kwa biashara za mkononi hata jina machinga likawa la kazi, si la kabila. Mwezi wa Oktoba 2021, miezi michache baada ya soko lenyewe kuungua, machinga waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam na kuelekezwa katika maeneo mengine. Mji ulikuwa na sababu zake. Watembea kwa miguu nao wana haki ya njia. Lakini hesabu iliyofanywa ilikuwa ya meza na vibanda. Nyuma ya kila meza palikuwa na chumba, na ndani ya chumba watu waliokuwa wameijenga siku yao yote juu ya meza ile: nani apike saa ngapi, nani amchukue mtoto shuleni, nani akope kwa nani.

Nyumba zenyewe za vyumba sita zinapungua. Nyingi zimevunjwa, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka, na wapangaji wake wameelekea Mbagala, Gongo la Mboto na kwingineko, ambako nauli ya kurudi sokoni alfajiri hula faida ya ndoo ya kwanza ya maandazi. Kwao huu ni uhamisho wa pili. Wa kwanza uliamuliwa na baba. Wa pili unaamuliwa na mwenye kiwanja na mnunuzi wake, na taarifa aghalabu hupewa mtu mmoja tu katika chumba, yule ambaye jina lake liko katika mkataba. Anapokwenda kutafuta chumba kipya angeweza kwenda pamoja na yule anayekaanga, kwani yeye ndiye anayejua umbali gani kutoka kituoni maandazi yatafika yakiwa bado ya moto.