Nguo ya Idi Ni kwa Fedha ya Nani?



Hapa Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma, Soko Kuu la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi ni majirani. Zifikapo siku kumi za mwisho za Ramadhani, huko hapana pa kuweka mguu. Siku hizo hizo ambazo Mtume (S.A.W.) akikesha kwa ibada na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake, sisi twahangaika na viatu na vitambaa. Nanyi wa Tanga, Mombasa na Unguja mwaijua hali hiyo.

Sisemi kuwa kujipamba siku ya Idi ni vibaya. Sayyidna Umar (R.A.) aliona joho la hariri sokoni, akamletea Mtume (S.A.W.) na kumshauri alinunue, alivae siku ya Idi na siku ya kupokea wajumbe. Mtume alilikataa kwa ajili ya hariri. Hakulikataa pambo la Idi. Kwa hiyo swali letu si kuvaa au kutovaa. Swali ni hili: nguo hii imenunuliwa kwa fedha ya nani?

Miaka hii Idi ya Mfunguo Mosi yaangukia mwezi wa Machi au karibu yake. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, na kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11. Kwetu Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu. Mwezi wa Machi mtama na uwele ungali shambani, na akiba ya mwaka uliopita imekaribia kwisha. Wakati kama huo, jirani yangu mmoja, msukuma mkokoteni, watoto wake walirudi madrasa wakilia kuwa wenzao wameshashonewa. Akaenda kuchukua mkopo huu ambao watu wameuita "kausha damu": apewe shilingi 200,000, arudishe 260,000 mwezi ukiisha. Hiyo ni riba iliyo wazi. Watoto walivaa. Mwezi ukaisha, mkokoteni ukachukuliwa. Nguo zikabaki mpya, na baba hana cha kuwalishia.

Nami sijitoi lawamani. Watoto wale ni wanafunzi wangu, na mimi ndiye niliyewaambia darasani kila mmoja aje Idi na kanzu mpya.

Sasa tazama, ndugu yangu. Zakatul-fitri ni faradhi, pishi moja ya chakula kwa kila mtu. Hata hivyo, asiyebakiwa na kitu baada ya chakula chake na cha watu wake, usiku wa Idi na mchana wake, sheria imemsamehe. Ikiwa Mwenyezi Mungu amemsamehe fakiri pishi ya faradhi, ni nani aliyemlazimisha kanzu ya mkopo? Ni sisi. Ni macho yetu mlangoni mwa msikiti, na ndimi zetu barazani.

Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 26, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwanza jamaa, maskini na msafiri wapewe haki yao, ndipo akakataza ubadhirifu. Mambo mawili hayo yamewekwa pamoja. Basi usidhani ubadhirifu ni kumaliza fedha zako tu. Fedha za mtu zaweza kuwa nyingi, lakini ndani yake mna haki ya mwenziwe.

Kwa hiyo fuata mpango huu. Anza na deni lililofika wakati wake, kisha chakula cha nyumbani, kisha fitri, ndipo nguo. Ukiwa huna, kanzu iliyofuliwa ikapigwa pasi na kufukizwa udi yatosha, wala hukupungukiwa na kitu mbele ya Mola wako. Nawe uliye nacho, nunua mapema, kabla ya kumi la mwisho. Ukimkatia mwanao kitambaa, mkatie na wa jirani, umpelekee kwa siri. Na kama huwezi kumpa, basi mfunze mwanao asimringie mwenziwe.

Mwaka huu darasani nitasema: njooni Idi na nguo safi.

Wabillahi tawfiq.