Wastani Hauli Ugali

Nchi ikisemwa imetajirika, ni nani hasa aliyetajirika? Swali hili limenikaa kooni tangu Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoipandisha Tanzania daraja, ikawa nchi ya kipato cha kati cha chini. Hapa Makuyuni tuliamka kesho yake na jembe lile lile. Sasa Dira ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inalenga dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Ni ndoto kubwa, ingawa ni kama nusu tu ya kiwango ambacho leo kinaifanya nchi iitwe tajiri.

Mimi ukubwa wa ndoto haunitishi. Kinachonitisha ni hilo neno "kila mtu". Kijiweni tukikaa kumi, mmoja ana milioni kumi mfukoni na tisa tumekauka, wastani wetu ni milioni moja moja. Haya, nani atatukopesha unga kwa milioni hiyo?

Korogwe yetu inaujua mchezo huu zamani. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikiongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Fedha ilikuwepo jamani! Lakini wakata mkonge waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, Kigoma, Songea, hata Burundi, wakaitwa manamba. Namba! Mtu kapewa jina la babu yake, shambani anaitwa kwa namba. Nyuzi zikapakiwa melini, kamba zikasokotwa kwa wenyewe huko. Ikaja nailoni, bei ikaanguka, manamba akabaki na makovu ya miiba.

Kuna jamaa hunibishia: tuoke keki kwanza, kugawana baadaye. Namkubalia nusu. Umaskini hauna cha kugawa, na hata mashamba mengi yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, 1967, mkata mkonge naona alibadilishiwa bosi tu. Ila hiyo "baadaye" aliahidiwa na babu yetu pia.

Mwaka 2050 nitakuwa nakaribia hamsini. Wakija na daftari lao, waanze na yule wa mwisho kwenye foleni ya mshahara: watoto wake wanasoma wapi, akiugua anakwenda wapi. Dola za wengine watazijumlisha jioni.